Maziwa yanamharisha mwanangu

Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka 6 akinywa maziwa tu anaharisha. Daktari kasema tuyaache. Ya soya dukani bei yake siiwezi. Nimpe nini?
Mama wa Tanga

Marahaba mwanangu, pole sana. Mie nimelea mjukuu wa namna hiyo hiyo. Asubuhi nilimpikia uji wa ulezi, nikauunga kwa karanga za kusaga. Ulezi una kalsiamu, yale madini ya mifupa tunayoyapata kwenye maziwa, nyingi kuliko mahindi. Mchana dagaa wakavu wa nazi, awatafune na mifupa yao, maana kalsiamu imo humo. Tui lenyewe ni tamu, ila usilihesabu badala ya maziwa. Na biskuti, tafadhali, soma pakiti kwanza: nyingi zina maziwa ya unga.