Bima ya Land Cruiser yenye hema la paa

Umeuliza ukate bima gani kwa Land Cruiser yako yenye hema la paa. Chukua bima kubwa, mkuu, ile inayolipa na gari lako mwenyewe. Bima ndogo inalipa hasara ya watu wengine tu, kwa hiyo gari likilala ubavu njia ya Ziwa Natron, bodi na hema ni juu yako.

Ila bima kubwa peke yake haitoshi. Hema, friji, winchi, sola na betri ya pili viandikwe kimojakimoja na bei zake kwenye fomu, risiti ziambatane. Kisichoandikwa huwa hakilipwi. Na usishushe thamani ili upunguze ada: gari la milioni 60 ukilikatia la milioni 40, uharibifu wa milioni 9 utalipwa theluthi mbili, yaani milioni 6, kisha wanatoa kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Umesema mwezi wa nane utalikodisha kwa wageni. Basi likatie la biashara toka mwanzo. Likipata ajali na wageni wa kulipa huku bima ni ya matumizi binafsi, dai linakataliwa.

Kuvuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya unahitaji kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka, lakini ile ni kwa ajili ya hasara ya watu wengine. Uharibifu wa gari lako ukiwa Kenya uombewe nyongeza ya maandishi kabla ya safari. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, uone kama stika ya bima imesoma.