Karo la jirani, kisima changu

Majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba kuhusu bakteria wasiosikia dawa

*Assalamu alaykum. Kisima chetu kiko kama mita 12 kutoka karo la choo la jirani. Mwanangu alilazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, daktari akasema bakteria aliyemkuta hasikii amoksilini wala seftriaksoni. Shemeji yangu anasema bakteria hao hutoka kwenye majitaka na siku hizi hata klorini hawaiogopi. Ni kweli? – Mama wa watoto watatu, Jang'ombe*

Wa alaykum salaam, mama, na pole sana kwa mgonjwa. Kwamba majitaka yanawabeba, shemeji amesema kweli. Kwenye klorini amekosea, na tungependa kila nyumba ilijue hilo. Amoksilini inampiga bakteria mahali pamoja tu: inazuia ujenzi wa ukuta wake. Bakteria sugu ana kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Klorini haichagui mahali. Inaunguza utando, protini na vinasaba kwa mkupuo mmoja, na kile kimeng'enya hakimsaidii kitu. Moto nao ni hivyo hivyo. Maji yakitokota dakika moja, sugu na asiye sugu wanakufa pamoja.

Kinachowaponza watu ni kipimo. Kwa dumu la lita 20 la maji maangavu, jiki (klorini ya maji) ya asilimia 3.5 isiyo na manukato inatosha mililita 1.2. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, si kwa kifuniko. Tikisa, funika, subiri dakika 30, kisha nusa: lazima ibaki harufu hafifu ya klorini. Isipokuwepo, uchafu umeimaliza. Rudia kipimo hicho hicho na usubiri tena. Maji yenye vumbi yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha utie mililita 2.4. Jiki iliyokaa juani au iliyofunguliwa miezi mingi imepungua nguvu, hata kama kibandiko bado kinasema 3.5. Na ukishatibu maji, yamimine kwa bomba la chini au kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono ukizama ndooni, kazi yote imerudi nyuma.

Sasa kisima. Kanuni inayotajwa sana ni mita 30 baina ya kisima na choo. Kanuni hiyo inategemea udongo wa chembechembe, ambao hukamata bakteria wakati maji yanapenya polepole. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango madogo, na udongo wa juu ni mwembamba. Humo maji ya karo yanaweza kukimbia mbali kwa saa chache bila kuchujwa, kwa hiyo hata mita 30 si dhamana, sembuse 12. Masika hali huwa mbaya zaidi kwa sababu maji ya ardhini hupanda hadi kugusa chini ya shimo. Yatibuni maji ya kunywa kila siku, kiangazi na masika.

Kutia klorini kisimani kunafaa baada ya mafuriko au usafishaji. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye kina cha maji cha mita 2 kina lita 2,260 hivi (3.14 × 0.6 × 0.6 × 2 × 1,000). Ili kupata miligramu 50 kwa lita unahitaji gramu 175 za klorini ya unga ya asilimia 65. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa itue, mimina maji ya juu kisimani ukilowesha na kuta, funika saa 12, halafu chota na kumwaga mpaka harufu ibaki hafifu. Lakini karo likiendelea kuvuja, baada ya siku chache mtarudi mlipokuwa.

Kuhusu mtoto: maambukizi ya mkojo mara nyingi hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Bakteria sugu huingia humo kwa maji, chakula, mikono au wodini, na huweza kukaa miezi bila kumuumiza mtu. Akiugua tena, mwambieni daktari mapema kuwa aliwahi kupatikana na bakteria sugu, na muombe mkojo uoteshwe maabara kabla ya dozi ya kwanza.

*Kila Ijumaa hutia lita nzima ya jiki chooni ili kuua bakteria sugu kwenye karo. Nafanya vyema? – Msomaji, Chake Chake*

Hapana, na tunakuomba uache. Lita hiyo ina gramu 35 tu za klorini; kinyesi na mafuta huimaliza mara moja, na inaowaua kabla haijaisha ni pamoja na bakteria wanaomeng'enya tope. Karo linajaa haraka zaidi.

Karo halikujengwa kuua vimelea. Kazi yake ni kutuliza maji: kizito kizame, mafuta yaelee. Hata karo zuri, ambalo maji hukaa humo siku nzima au zaidi, hupunguza E. coli, bakteria wa utumboni, hadi kama sehemu moja ya kumi, na majitaka mabichi yana mamilioni katika mililita 100. Tena humo ndani bakteria wa matumbo ya nyumba nzima hukutana na mabaki ya dawa. Zaidi ya nusu ya dozi ya amoksilini hutoka na mkojo ikiwa bado nzima. Wanaobaki hai hupeana plasmidi, vipande vya duara vya vinasaba vinavyobeba usugu, hata kwa bakteria wa jamii nyingine.

Fedha yako iweke kwenye ujenzi. Karo liwe na sakafu ya zege (lisilo na sakafu ni shimo tu), vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili, na mabomba ya umbo la T pa kuingilia na pa kutokea ili mafuta yasitoke. Kupima tope, funga taulo jeupe kwenye nusu ya chini ya mti mrefu, uzamishe hadi sakafuni, ngoja dakika chache, uutoe taratibu: alama nyeusi ndiyo kimo cha tope. Tope na utando wa juu vikifika nusu ya kina, ita gari la kunyonya. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi, na akisema mtaroni au pwani, usimpe kazi.

*Nina kuku wa nyama 300. Huwapa oksitetrasaiklini kila wiki wasishikwe na kideri, na mbolea yao nawauzia wakulima wa mchicha. Kuna ubaya? – Mfugaji, Mwera*

Upo. Kideri ni kirusi, na oksitetrasaiklini ni dawa ya bakteria, haikigusi. Kinga yake ni chanjo, na fedha ya dawa za kila wiki ingeilipa. Sehemu kubwa ya dawa hiyo haimuingii kuku mwilini, hutoka na kinyesi, na bandani unabaki na bakteria waliozoeshwa. Dawa itumike mifugo ikiugua, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zitimie kabla ya kuchinja.

Mbolea usiiuze mbichi. Irundike pamoja na maranda kwa kimo cha mita 1 hadi 1.5, iwe na unyevu wa kushikana mkononi bila kudondosha maji. Ndani ifike nyuzi 55 na ikae hapo siku 15, ikigeuzwa angalau mara tano ili ya nje iingie ndani. Kama huna kipimajoto, choma nondo katikati dakika kumi, ukiitoa isishikike. Rundo lisilopata joto aghalabu ni kavu au dogo mno. Usugu hupungua sana, hauishi wote, kwa hiyo mchicha usiwekewe mbolea hii ukikaribia kuvunwa. Maji ya kuoshea banda nayo yasielekezwe mtaroni.

*Twataka kupima maji ya kisima cha skuli tujue kama yana bakteria sugu. Sampuli inachukuliwaje? – Mwalimu, Wete*

Mwalimu, anzeni na kipimo cha kawaida cha E. coli. Maji ya kunywa yanatakiwa yawe na sifuri katika mililita 100. Yakiwa na sifuri, hakuna haja ya kuendelea. Chukueni chupa tasa maabara. Kama mnatia klorini, ombeni yenye sodiamu thiosalfeti (huzima klorini) na msiisuuze. Futeni mdomo wa bomba kwa spiriti ya asilimia 70, acheni maji yakimbie dakika mbili, jazeni mkibakisha sentimita 2 juu. Ifike maabara ndani ya saa sita, kwenye boksi la barafu.

E. coli wakionekana, maabara hupitisha mililita 100 kwenye kila moja ya chujio mbili, na kuziweka kwenye sahani mbili: moja ya kawaida, nyingine yenye sefotaksimu (dawa ya jamii moja na seftriaksoni) miligramu 4 kwa lita. Yakiota makundi 80 kwenye ya kwanza na 20 kwenye ya pili, robo ya bakteria ni sugu. Majibu hayo yapelekeni kwa sheha na Mamlaka ya Maji, na watoto wapewe maji yaliyotibiwa tangu siku hiyo. Asiyeumwa asipewe dawa kwa sababu ya kipimo cha maji.