Chipsi kulegea: kosa ni la mafuta, si la viazi
Chipsi za mgahawani zikija zimelegea, unaweza kujiuliza kama viazi ni vibovu. Hapana, mara nyingi si viazi vibovu, ni mafuta hayakupata moto wa kutosha. Chipsi za mgahawa kwa kawaida hukaangwa mara mbili: kwanza nyuzi 150 hivi, dakika 5 au 6, ziive ndani bila kubadilika rangi. Zinachujwa, zinapoa. Mteja akiagiza ndipo zinarudi kwenye mafuta makali, nyuzi 180 hadi 190, dakika 2 au 3. Jumapili mchana oda zikibanana, mpishi anajaza karai. Viazi vingi vya baridi vinashusha moto, ganda halikazi, mafuta yanaingia ndani. Ukiinua moja ikajikunja na kuacha vidole vinang'aa, ndiyo hiyo. Mwambie mhudumu wazikaushe tena, lakini kabla hujamwaga kachumbari, maana zikishalowa hakuna mpishi atakayezirudisha kwenye mafuta yake.

Za kubeba ni kesi nyingine. Hata zilizokaangwa vizuri hulegea ndani ya kifungashio kilichofungwa, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Omba kifuniko kiachwe wazi kidogo na tomato sosi iwekwe pembeni.