Mahindi Yaliyoota Kuvu: Je, Niyachanganye na Mazuri Niuze?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama mjane, mkulima wa huku Chemba. Mwaka huu mvua ilitukuta mahindi yameshavunwa na yako chini, turubai hatuna. Nilipokuja kufungua magunia nikakuta kumi na mawili yameota kuvu, mengine kijani mengine meusi, yananuka. Nina deni la mbegu na mbolea dukani na mwenyewe anataka pesa yake. Ustadhi mmoja ameniambia nichanganye gunia moja bovu kwa matatu mazuri nipeleke mashine, kwani riziki ya Mungu haitupwi, kutupa ni israfu, na mlaji akisema Bismillahi hakuna kitakachomdhuru. Wengine wanasema nimpe ng'ombe, au niyatoe zaka. Namwogopa Mungu, na deni naliogopa. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama, Allah akupe subira na akufidie kilicho bora. Msimu mzima wa jembe umeota ukungu mbele ya macho yako, na bado umeona uulize kabla ya kuuza. Hilo peke yake ni jambo kubwa mbele ya Mola wako.

Haifai kuyachanganya, haifai kuyauza, haifai kuyatoa zaka. Ningeweza kuishia hapo, lakini nimeona niandike kwa urefu kwa sababu maneno uliyoambiwa na huyo ustadhi si ya mtu mmoja. Nimeyasikia misikitini na minadani, na kila anayeyasema huyavika nguo ya dini.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta fungu la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Akauliza: "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Yule muuzaji akajibu: "Imenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Allah." Akamwambia: "Basi mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Ipo katika Swahihi Muslim. Tazama jinsi kisa hiki kilivyo chako, mama: nafaka, mvua, unyevu uliofichwa chini ya iliyo kavu. Na yule muuzaji mvua hakuileta yeye. Mtume hakumlaumu kwa mvua, alimlaumu kwa kuficha. Wewe pia hakuna anayekulaumu kwa mvua.

Atakuja mtu aseme: basi nitayaweka juu, nitamwambia mnunuzi ukweli, nimetoka kwenye lawama. Kwa nafaka iliyolowa tu, naam, ukweli ungetosha. Kwa mahindi yaliyoota kuvu hautoshi, maana atakayeambiwa ni dalali, na mlaji siye dalali. Dalali atayachukua kwa bei ya chini akijua anachonunua, atayapitisha mashine, yatoke unga mweupe usio na harufu, na atakayeukorogea mtoto wake uji yuko mji mwingine wala hajaambiwa lolote. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wameshurutisha kitu kinachouzwa kiwe na manfaa. Manfaa gani yamo katika sumu inayokwenda kwenye sahani ya watu?

Nasema sumu kwa maana yake kamili. Kuvu hao hutoa kitu ambacho wataalamu wetu wanakiita sumukuvu. Dunia ilianza kuitambua mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga. Huku kwetu haikuishia kwa ndege. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na katika mahindi ya masokoni yaliyopimwa kwenye wilaya zilizoathirika, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango cha sumu kilichoruhusiwa. Mwaka 2016 ikafika kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, na Chemba yako ikiwemo: wagonjwa 68, waliokufa 20. Tumbo likauma na kujaa, matapishi, macho yakawa manjano. Hayo ni ya walioila kwa wingi. Anayekula kidogo kidogo miaka nenda rudi anajiwekea saratani ya ini, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake inazidi mara nyingi. Watoto nao utafiti umewahusisha na udumavu.

Sasa turudi kwenye ule ushauri wa gunia moja kwa matatu. Kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Piga hesabu: gramu moja ya sumu hiyo, ambayo ni ncha ya kijiko, inatosha kufikisha tani 100 za mahindi kwenye ukomo huo. Kwa hiyo anayechanganya hajalipunguza gunia bovu, amepata magunia manne mabovu. Na moto hautoshi. Joto la sufuria ya ugali haliimalizi, wala kuchachusha hakuimalizi. (Na mwenye kukuambia uwauzie wapika pombe usimsikilize kabisa. Hiyo ni haramu nyingine inayojitegemea.)

Ama hoja ya Bismillahi, hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, kwa sababu jina la Allah linafanywa kifuniko cha ghushi. Dua aliyoipokea Uthman bin Affan, "Bismillahi lladhi laa yadhurru ma'a ismihi shay'un" (kwa jina la Allah ambaye pamoja na jina Lake hakidhuru kitu), ni haki na tunaisoma asubuhi na jioni. Lakini katika mji wa Khaybar Mtume (s.a.w.) na Masahaba waliletewa mbuzi aliyetiwa sumu. Je, kuna anayedhani kundi lile lilikula bila kutaja jina la Allah? Sahaba Bishr bin al-Baraa bin Maarur alimeza tonge lake, akafa. Na Mtume mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho alimwambia bibi Aisha kuwa bado anahisi maumivu ya chakula kile cha Khaybar. Ikiwa sumu ilifanya kazi yake pale, ustadhi anatumia elimu gani kuahidi kwamba haitafanya kazi kwa mtoto wa Kondoa au wa Tandale?

Watasema: Sahaba Khalid bin al-Walid alikunywa sumu akasema Bismillahi, haikumdhuru. Tuikubali riwaya hiyo bila ubishi. Khalid aliinywa kwa mkono wake, ikaingia tumboni mwake, naye anajua kuwa ni sumu. Hakumtilia mtu mwingine kwenye chakula akamwachia Allah amlinde. Karama ya mtu mmoja juu ya mwili wake haigeuki kibali cha kuhatarisha miili ya watu. Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana", na kaida hiyo ndiyo nguzo ya mlango huu wote wa fiqhi.

Na israfu? Israfu ni kupoteza chenye manfaa. Pombe ilipoharamishwa, Masahaba waliimwaga mpaka ikatiririka katika njia za Madina, nayo ilikuwa mali yenye thamani. Panya alipoangukia kwenye samli, Mtume alisema: mtupeni na kilicho kando yake, kisha mle samli yenu. Alitupa kilichoharibika, akabakisha kizima, na hakuna aliyeita hiyo israfu. Hadithi hii ya panya, mama, ndiyo nakutaka uishike, maana inakufungulia njia kwa magunia yako mengine. Nitaifikia.

Wapo pia wenye hoja ya wazee: babu zetu walikula mahindi yenye kuvu wakaishi. Walioishi ndio tunaowasimulia. Wangapi tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, tukasema karogwa, tukamwendea mganga na jirani akasingiziwa? Huenda tuliwatuhumu watu bure na kilichoua kilikuwa kwenye kihenge chetu wenyewe.

Kuhusu ng'ombe, najua dalili inayoletwa. Jeshi lilipopita Hijri, nchi ya Thamud, watu walioangamizwa na Allah, Mtume (s.a.w.) aliamuru unga uliokandwa kwa maji ya visima vile wapewe ngamia. Ni Hadithi sahihi. Lakini unga ule haukuwa sumu kwa ngamia wala kwa atakayekunywa maziwa yao. Ng'ombe aliyekula mahindi yenye sumukuvu, ndani ya siku moja sumu hiyo inaanza kuonekana kwenye maziwa yake, kwa sura nyingine kidogo lakini ni sumu ile ile. Kuku nao ini lao huharibika, hutaga vibaya, hufa. Na mnyama aliye chini yako ni amana. Yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa aliingia motoni kwa sababu yake.

Ama zaka, aya imeshalimaliza jambo: "Wala msikusudie vilivyo vibaya katika hivyo mkavitoa, hali nyinyi wenyewe msingevipokea isipokuwa kwa kuvifumbia macho" (al-Baqara: 267). Al-Baraa bin Azib amesimulia sababu yake: Answari, wenyeji Waislamu wa Madina, walikuwa wakitundika mashada ya tende msikitini kwa ajili ya mafukara, akawa mtu analeta shada la tende mbovu. Tende mbovu tu, zisizo na sumu, na aya ikashuka! Wanaopeleka mahindi ya namna hii kwenye madrasa ili wanafunzi wa bweni wapikiwe makande wamwogope Allah. Zaka yako ihesabu kwenye mahindi mazima yaliyobaki. Yakifika wasaki tano, ambazo wengi wamezikadiria kuwa kilo 653, na kilimo chako ni cha mvua, toa sehemu moja ya kumi. Kilichoharibika bila uzembe wako kabla hujaweza kutoa hakina zaka juu yako.

Sasa yale magunia mengine, na hapa ndipo ile Hadithi ya panya inapofanya kazi: tupa kilichoharibika, bakisha kizima. Usiyahukumu kwa macho peke yake, kwani hindi linaweza kuwa jeupe na sumu imo. Yafungue yote, yamwage juu ya kitu kisafi, yaanike tena, uchambue kwa mkono: hindi lililovunjika, lililosinyaa, lililobadilika rangi, lililobunguliwa, toa. Hapo ndipo sumu hujikusanya zaidi. Kisha nenda kwa afisa ugani wako umwombe akuelekeze sampuli ipimwe wapi kabla hujala au kuuza. Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado yana maji, rudisha juani. Hukumu ni hiyo hiyo kwa karanga, na karanga ni mbaya zaidi kwa sababu tunazisaga tukatia kwenye uji wa lishe wa watoto wachanga.

Yale kumi na mawili yachomeni au yafukieni shimo refu, mbali na kisima na mifugo, na wanaoyabeba wajifunge kitambaa puani. Magunia yake yasirudi kutiwa mahindi.

Limebaki deni, na ninajua ndilo linalokunyima usingizi. Abu Said al-Khudri amesimulia kuwa zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alinunua matunda yakapatwa na balaa, deni likamzidi. Mtume akawaambia watu: "Mpeni sadaka." Wakampa, haikutosha deni lake. Akawaambia wadai: "Chukueni mlichokipata, na hamna zaidi ya hicho." Imo katika Muslim. Mwendee mwenye duka mapema, kabla hajakujia, umwonyeshe magunia yalivyo kwa macho yake, umpe ulichonacho. Akiwa Muislamu msomee: "Na akiwa na shida, basi angoje mpaka afarijike" (al-Baqara: 280), na aya yenyewe inaendelea kuwa akimsamehe ndiyo kheri zaidi kwake.

Na imamu wako na kamati ya msikiti wako nawaambia waziwazi: mwenye deni aliyeshindwa kulipa ametajwa na Qur'ani miongoni mwa wanane wanaostahili zaka (at-Tawba: 60). Msimu huu kuna watakaovuna vizuri hapo hapo kijijini. Zaka yao ianze kwa huyu mama, isisafirishwe mjini. Na turubai mbili tatu zinunuliwe ziwe za msikiti, azime kila mwenye kuvuna, maana mahindi yanayoanikwa chini kwenye udongo yanachukua kuvu kutoka udongoni. Mwezi wa kupukuchua ukikaribia, khutba ya Ijumaa izungumze hilo, wala msione ni jambo dogo la kusemwa juu ya mimbari.

Mama, ukipata jibu la mwenye duka niandikie. Akikataa kukusubiri, nipe ruhusa nizungumze naye mimi.

Wallahu a'lam.