Kuwahurumia hakukuzuii kuripoti

Dada, pole sana. Mdogo wako kapigwa Likoni, Mombasa, kwa sababu ya kabila lake, wenzake wanataka kulipiza, nawe hutaki damu zaidi; unataka kuwahurumia waliompiga na kwenda kuzungumza na wazazi wao.

Kwanza mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani leo. Akitapika au kusinziasinzia, msingoje hata kidogo. Kisha ripotini polisi, mpewe nambari ya OB (ya kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3, ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Huruma haifuti kesi. Vijana wakiona sheria imelala, watajichukulia wenyewe.

Hao wenzake usiwahubirie. Wapikie, wakae, umwache mdogo wako aseme anachotaka. Neno lake litawatuliza kuliko lako. Wakisema huruma ni woga, watajie mwalimu Salah Farah: Desemba 2015, Al-Shabaab walipovamia basi la Mandera, yeye Mwislamu alikataa kutenganishwa na abiria Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Kwa wazazi wa waliompiga usiende peke yako wala usiku. Nenda na mzee wa mtaa, imamu na mchungaji. Nimeona mama wa mkosaji akilia kabla chai haijamiminwa.

Ila mdogo wako asilazimishwe kusamehe. Akiendelea kukosa usingizi, mtafutieni mshauri nasaha.