"Suala lenu tunalifanyia kazi": shamba la ukoo, fidia na ukomo wa madai

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika na Pugu hadi Kigamboni na Mbweni, kuna koo zilizokuwa na mashamba kabla mji haujawafikia. Hati hakuna. Kuna minazi, mikorosho, makaburi, na wazee wanaojua mpaka unapita kwenye mwembe upi. Siku moja linatangazwa eneo la mradi, wathamini wanapita, halafu vinaanza vikao. Kila kikao kinaisha kwa sentensi ileile: "Suala lenu tunalifanyia kazi."

Kosa linaloangusha madai mengi kuliko yote ni kuamini kwamba mkiwa bado mnazungumza na Serikali, muda wa kwenda mahakamani umesimama. Haujasimama. Mahakama zetu zimelisema mara nyingi: mazungumzo nje ya mahakama hayasimamishi ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi. Kudai kurudishiwa ardhi kuna miaka 12. Lakini jedwali la Sheria ya Ukomo linatoa mwaka mmoja tu kwa madai ya fidia kwa jambo lililofanywa kwa mujibu wa sheria, na upande wa Serikali haushindwi kuibua kifungu hicho. Kamati iliyokaa vikao vya miaka mitatu kwa adabu na uvumilivu inaweza kufutiwa kesi siku ya kwanza, bila hata shahidi mmoja kusikilizwa.

Kwa hiyo siku eneo lenu linapoguswa, andikeni tarehe. Kabla miezi tisa haijaisha tangu tarehe hiyo, notisi ya siku 90 iwe imeshapokelewa. Hiyo ndiyo notisi ambayo Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inaitaka kabla ya kesi: inakwenda kwa wizara au ofisi inayohusika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata mnapoishtaki halmashauri, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, la sivyo inafutwa. Kutoa notisi hakuvunji mazungumzo. Mara nyingi ndipo barua zenu zinapoanza kujibiwa.

Sasa neno "asili", yaani kudai kama wenyeji wa asili wa mahali. Wazee wanalipenda, na wana haki ya kulipenda, ila mezani halina nguvu wanayoidhania. Msimamo wa Serikali ya Tanzania ni kwamba Watanzania wenye asili ya Afrika wote ni wenyeji, kwa hiyo hoja ya "sisi ndio wa kwanza hapa" haitawafikisha mbali. Yenye nguvu ni miliki. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kinataka fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa mtu ambaye ukaaji wake wa muda mrefu unaotambulika au matumizi yake ya kimila yameingiliwa. Nayo Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki za kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Acheni kubishana nani alitangulia. Thibitisheni nani alikuwa analima, analala na kuzika pale.

Uthibitisho huo unakusanywa kabla wathamini hawajafika. Pigeni picha za kila mpaka, simu ikiwa imewashwa utambuzi wa eneo (GPS) ili picha ibebe nukta za mahali na tarehe. Hesabuni mti mmoja mmoja, michanga mbali na iliyokomaa, kwa sababu mnazi unaozaa na mche haulipwi sawa. Majirani wa pande zote wasaini maelezo ya mipaka mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na muhuri ugongwe. Wazee wenye kumbukumbu waape viapo kwa wakili sasa, wakiwa hai. Hili linaahirishwa kila mara kwa sababu linaonekana kama kumtabiria mzee kifo. Mweleweshe tu taratibu, anaelewa kuliko mnavyofikiri.

Makaburi yaorodheshwe peke yake. Yana sheria yake ya mwaka 1969 inayohusu kuhamisha mabaki na kuzika upya, na gharama hizo hazitakiwi kumezwa ndani ya bei ya shamba.

Halafu mirathi. Shamba likiwa bado la marehemu babu, hakuna mjukuu mwenye sauti ya kisheria juu yake, hata awe msomi kiasi gani. Ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe, mtu mmoja ateuliwe na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Bila barua ya usimamizi fedha hukwama, au humfikia ndugu aliyewahi kujiandikisha, na hapo ugomvi unahama kutoka kwa Serikali kuingia sebuleni kwenu.

Siku ya uthamini simama pale na kalamu yako. Jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA na la akaunti ya benki. Nakili kila anachoandika mthamini, maana nakala utaidai baadaye na itachelewa. Ikichelewa, omba kwa maandishi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kujibu.

Kiasi chenyewe hakitolewi kichwani. Kanuni za mwaka 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia zinataka thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, kisha posho. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 benki. Tuseme mali ina thamani ya shilingi 40,000,000 na riba ni asilimia 8: posho ni 3,200,000. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara 36, yaani nyumba ya 150,000 kwa mwezi inatoa 5,400,000. Usafiri ni gharama halisi ya kubeba tani 12 hadi umbali wa kilomita 20. Mwenye biashara anaongezewa faida halisi ya mwezi mara 36, ila alete hesabu. Duka lisilo na leseni wala kumbukumbu za kodi hupata tabu hapa. Shamba lisilokaliwa na mtu halina usafiri, makazi wala faida, na ndiyo sababu kibanda chenye mtu anayelala humo kinabadilisha hesabu nzima. Tunasema kibanda kilichokuwepo. Kilichojengwa usiku baada ya tangazo huwatia doa hata majirani wakweli.

Mkishapewa karatasi ya kusaini na kiasi hamkikubali, andikeni kando ya saini: "Napokea bila kuridhika na kiasi." Maneno hayo matano yana thamani kubwa baadaye.

Wakazi wa Kipawa walithaminiwa mwaka 1997 kwa upanuzi wa uwanja wa ndege, malipo yakaja zaidi ya miaka kumi baadaye. Leo Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema miezi 6 ikipita bila malipo tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, riba inaanza. Miaka 2 ikipita, uthamini umekufa na lazima urudiwe kwa bei za sasa. Ulizeni tarehe ya idhini. Ofisa akishindwa kuitaja, huenda hata idhini yenyewe haijatolewa.

Kwenye vikao, msikubali kuondoka na ahadi ya mdomo. Jioni ileile andikeni barua fupi: tulikutana leo, mlisema hivi, mkaahidi tarehe fulani. Ipelekwe masjala, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kamati iwe na watu watano au saba, wasibadilike ovyo, na asiwepo mmoja anayeitwa ofisini peke yake kwa chai.

Mkiwa wengi, kesi ya uwakilishi, yaani wachache kushtaki kwa niaba ya wote, inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza, pamoja na orodha ya majina na saini za wote. Msimtaje mtu ambaye hajasaini.

Kuna wanaotaja Arusha, yalipo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakikumbuka Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, walivyoishinda Kenya kwenye mahakama hiyo mwaka 2017 na kupewa fidia mwaka 2022. Mlango huo kwa Mtanzania mmoja mmoja ulifungwa Tanzania ilipoondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, mwaka 2019. Mahakama ya Afrika Mashariki bado ipo wazi, ila dirisha lake ni miezi miwili tu tangu tendo litokee. Waliosubiri kikao kijacho kwa kawaida hugundua hilo mwezi wa tatu tangu tendo hilo.