Kustaafu na Kichwa cha Klasta: Kabla Hujanunua Kiwanja

Wastaafu wenzangu wenye maumivu ya kichwa ya klasta huniuliza swali moja: nihamie kwenye joto au kwenye baridi? Jibu langu huwaudhi. Uliza kwanza mtungi wa oksijeni, ambayo ndiyo tiba ya shambulio, unajazwa wapi, hali ya hewa ifuate.

Asiyeujua ugonjwa huu asiuchanganye na kipandauso. Maumivu hukaa upande mmoja, jichoni na nyuma ya jicho. Machozi yanatoka, pua ya upande huohuo inaziba, na mgonjwa hawezi kutulia kitandani, anazunguka chumba kama mwendawazimu. Shambulio hudumu kati ya dakika 15 na saa 3, na kwa siku yanaweza kufika manane. Yanakuja kwa misimu ya wiki kadhaa au miezi, kisha kimya kirefu.

Nilifundisha Dar es Salaam hadi nikastaafu, na misimu yangu iliangukia Desemba hadi Februari, Kaskazi ikivuma na chumba hakipoi hata saa nane usiku. Ndiyo saa niliyokuwa naamshwa. Kwa hiyo nilijua adui wangu ni joto, ingawa mwenzako anaweza kuwa na adui mwingine kabisa. Andika daftari: saa ya shambulio, joto, mvua, ulichokunywa, ulivyolala. Bila daftari utahama kwa kufuata hisia.

Watu wengi wanasoma ya Ulaya kuhusu mgandamizo wa hewa kupanda na kushuka, wanaanza kuhofia kila wingu. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo haubadiliki sana siku hadi siku. Unapanda na kushuka kidogo mara mbili kwa siku, unafika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na mwendo huo ni uleule Tanga au Mbeya. Hata urefu wa mchana, ambao kwa wagonjwa wa kaskazini ya mbali huhusishwa na kuanza kwa misimu, Dar hutofautiana kwa chini ya saa moja mwaka mzima, wakati London tofauti inapita saa nane. Mtanzania anayechagua mji, basi, anachagua zaidi joto na mwinuko. Kwa wastani kila mita 1,000 unazopanda zinapunguza nyuzi 6 hivi za joto.

Nyumbani kwetu ni Makete, mkoani Njombe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ndugu walishanitengea shamba, na kwa mila zetu mstaafu anarudi kwao. Baridi ilinifaa, sikatai. Lakini kwenye mwinuko ule kila pumzi ina takriban asilimia 80 tu ya oksijeni ya pwani, na upungufu wa oksijeni ni jambo linaloweza kuchochea klasta. Halafu kuna jiko la mkaa linalowashwa ndani, madirisha yamefungwa. Moshi wake usioonekana unaumiza kichwa cha mtu mzima wa afya, na unaua.

Kuhusu mtungi, fanya hesabu. Tiba ni oksijeni safi kwa barakoa yenye mfuko, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa dakika 15 au 20. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la baa 150 una lita 1,500 za gesi, yaani mashambulio manane hivi ukitumia kiwango cha chini. Msimu ukichachamaa mtungi huo haumalizi siku tatu. Mashine za nyumbani zinazochuja oksijeni kutoka hewani nyingi hutoa lita 5 tu, na umeme ukikatika nazo zinakatika. Na sisi wazee hatuna njia nyingi: sindano ya sumatriptani ya kukata shambulio, ambayo vijana wanaisifu, hairuhusiwi kwa mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa. Verapamili, dawa ya kuzuia mashambulio ya msimu, nayo inataka kipimo cha umeme wa moyo mara kwa mara. Makete vyote hivyo vilimaanisha safari.

Nikaishia Iringa mjini, mita 1,500 na ushei. Usiku unapoa, hospitali ya mkoa ipo, na barabara kuu ya kwenda Dar inapita chini ya mji. Oktoba na Novemba kabla ya mvua kuna joto na vumbi, hilo nalivumilia. Kinachonishinda ni ulanzi, pombe ya mianzi. Pombe katikati ya msimu wa klasta huleta shambulio upesi, na jirani zangu wameshazoea kuniona nakataa kikombe wakati wa mvua.

Usijenge kabla ya kupanga. Panga chumba katika mwezi mbaya zaidi wa mji huo, si Julai kila mahali pakiwa pazuri. Muulize mfamasia wa hospitali anajaza mitungi lini, nani anaileta nyumbani, na kama barakoa zenye mfuko zipo au mpaka ziagizwe. Mwenye nyumba naye mwambie mapema kwamba mtungi utakaa chumbani, mbali na jiko, na hakuna atakayevuta sigara humo.